KAMBA, TURUBAI NA FUNDO: HISTORIA YA UFUNGAJI WA SHEHENA KATIKA MALORI YA UINGEREZA NA NAFASI YA MKONGE WA AFRIKA MASHARIKI

UTANGULIZI

Historia ya uchukuzi imezoea kuandikwa kama historia ya vyombo. Husimuliwa habari za reli na meli, za injini na barabara, za sheria na kodi. Mtu aliyeupanga mzigo juu ya chombo, akaufunika na kuufunga ili ufike salama, hutajwa kwa nadra, na ujuzi wake hutajwa kwa nadra zaidi. Makala haya yanauchunguza ujuzi mmoja wa namna hiyo, nao ni ufungaji wa shehena kwa kamba na turubai katika malori ya bodi wazi, yaani malori yasiyo na kuta za pembeni wala paa, kama ulivyokuwa nchini Uingereza tangu mwisho wa Vita vya Kwanza vya Dunia hadi miaka ya 1980.

Yapo mambo mawili yanayoufanya uchunguzi huu umhusu msomaji wa Afrika ya Mashariki, hasa mwanafunzi wa lugha. Kwanza, sehemu ya kamba zilizotumiwa katika malori hayo ilisokotwa kwa nyuzi za mkonge uliokatwa Tanga, Morogoro, Thika na Taita. Hivyo kupanda na kushuka kwa kazi hii kule kuna uhusiano na kupanda na kushuka kwa mashamba ya huku. Pili, ujuzi wenyewe ulihifadhiwa katika mikono na katika maneno ya watu wa kazi, wala haukuandikwa kwa ukamilifu katika sheria au vitabu vya mafunzo. Ulipokoma kutumika, msamiati wake nao ulianza kupotea. Hoja kuu ya makala haya ni kwamba ujuzi huu haukufa kwa sababu ya uvivu au usahaulifu wa watu, kama inavyodhaniwa mara nyingi. Ulikufa kwa sababu mzigo wenyewe ulibadilishwa umbo, na hivyo mtu wa kuufunga akawa hahitajiki tena.

KABLA YA LORI

Lori lilirithi kazi iliyokuwapo. Wakulima wa Uingereza walikuwa wakifunga majani makavu na miganda ya nafaka juu ya mikokoteni ya farasi kwa karne nyingi, na fundo kuu la madereva wa malori hadi leo lina majina yanayokumbusha asili hiyo, kwa kuwa baadhi ya watu huliita fundo la mwenye mkokoteni na wengine fundo la wavunaji. Mabaharia nao walichangia. Turubai lilitokana na nguo nzito iliyopakwa lami ili isipenye maji, na neno la Kiingereza *tarpaulin*, lililoanza kutumika katika karne ya 17, linaundwa na neno lenye maana ya lami pamoja na neno lenye maana ya kifuniko. Katika karne hiyohiyo neno hilo lilitumiwa pia kumwita baharia mwenyewe, kwa sababu ya nguo zake zilizopakwa lami. Kiswahili kimelipokea neno hilo na kulipa umbo lake, *turubai*, na leo hakuna msemaji anayelihisi kuwa geni.

Reli ilipoenea katika karne ya 19, kampuni za reli zilikuwa na maturubai yao yenye namba na herufi za kampuni, nayo yalifunika mabehewa ya wazi. Hata hivyo behewa lilikuwa na kuta, na lilipita juu ya chuma kilichonyooka. Lori la bodi wazi halikuwa na ukuta hata mmoja isipokuwa ubao wa mbele, nyuma ya chumba cha dereva. Lilipita katika barabara za mawe na za kona, likipanda na kushuka vilima. Mzigo ulibaki mahali pake kwa uzito wake, kwa namna ulivyopangwa, na kwa kamba.

Baada ya vita kwisha mwaka 1918, jeshi la Uingereza liliuza malori mengi yaliyokuwa hayahitajiki tena, na askari waliorudi nyumbani waliyanunua na kuanza biashara ya uchukuzi. Mgomo wa wafanyakazi wa reli wa mwaka 1919 uliwaonyesha wenye viwanda kwamba bidhaa zingeweza kusafirishwa bila treni. Katika miaka ya 1920 na 1930 lori wazi likawa chombo cha kubebea karibu kila kitu: marobota ya pamba kutoka bandari ya Liverpool kwenda katika viwanda vya nguo vya Lancashire, magunia ya sukari na unga, mapipa ya bia, mabomba ya chuma, mabunda ya karatasi, mbao, matofali na sufi.

KAZI YENYEWE

Kazi ya kufunga ilianza kabla ya kamba kuguswa. Magunia yalipangwa kama mjenzi apangavyo matofali, gunia la juu likikalia maungio ya magunia mawili ya chini, na kila tabaka likaegemezwa kidogo kuelekea katikati. Lugha ya Kiswahili inalo neno linaloieleza hali hii vizuri kuliko maelezo marefu, yaani *kufungamana*. Shehena iliyofungamana hujishikilia yenyewe, na kamba huja kusaidia tu. Shehena iliyorundikwa bila kufungamana hairekebishiki kwa kamba, hata ikikazwa vipi, kwa maana mtikisiko wa maili chache huondoa nafasi zilizo ndani yake, mzigo ukashuka, na kamba ikalegea.

Baada ya kupanga, turubai lilipandishwa juu. Maturubai ya zamani yalitengenezwa kwa nguo nzito ya pamba au kitani iliyotiwa nta, mafuta au lami. Yalikuwa mazito hata yakiwa makavu. Yakilowa, uzito uliongezeka, na katika majira ya baridi yaliganda yakawa magumu kama ubao, ikawa hayakunjiki. Kwa lori refu yalitumiwa maturubai mawili. La nyuma lilitandikwa kwanza, kisha la mbele likatandikwa juu yake, ili ukingo wa turubai la mbele ulalie lile la nyuma. Mpangilio huu ni uleule wa makuti juu ya paa, ambayo huezekwa kuanzia chini ili safu ya juu ilalie ya chini na maji yasipate njia. Tofauti ni kwamba katika lori adui wa kwanza ni upepo utokao mbele. Pembe zilikunjwa kama karatasi ya kufungia kifurushi, na mkunjo wa mbele ulilazimika kutazama nyuma. Ukitazama mbele, upepo uliingia ndani yake, na turubai lilitanda kama tanga, likachanika au likang'oa kamba zake. Madereva wengi waliongeza turubai la tatu, jembamba na jepesi, lililofunika maungio ya juu kwa urefu wote wa mzigo.

Mwishowe zilikuja kamba. Pande zote mbili za bodi, chini ya ukingo, zilipangwa kulabu za chuma. Kamba ilifungwa katika kulabu ya upande mmoja, ikarushwa juu ya mzigo, na dereva akazunguka kwenda kuipokea upande wa pili. Hapo ndipo fundo lilipofanywa. Alitengeneza kitanzi kidogo katika sehemu ya kamba iliyoteremka kutoka juu, akapitisha ndani yake kitanzi cha sehemu iliyolegea, na upande wa chini akaupitisha katika kulabu. Kisha akauvuta mwisho wa kamba kuelekea chini kwa uzito wa mwili wake wote. Fundo hilo madereva wa Uingereza waliliita *dolly*. Kanuni yake ni ile ya kapi. Kitanzi cha juu na kulabu ya chini vinafanya kazi ya magurudumu mawili ya kapi, na kwa hesabu ya nadharia nguvu ya mvutaji huongezeka mara 3. Kwa kweli huongezeka kwa kiasi kidogo zaidi, kwa sababu kamba inasuguana na kamba mahali pa gurudumu. Lakini msuguano huohuo una faida yake, kwani huizuia kamba isirudi nyuma wakati dereva anapobadilisha mkono ili aifunge.

Sifa ya pili ya fundo hili ni kwamba halina mwisho wa kamba uliopenyezwa. Likishalegezwa, hufunguka lote mara moja, na kamba hubaki nyoofu bila kipindo. Kwa mtu aliyepaswa kufungua kamba kumi au zaidi usiku, katika mvua, vidole vikiwa vimekufa ganzi, sifa hiyo ilikuwa na thamani kubwa kuliko nguvu. Mwanamaji na mchoraji wa Marekani Clifford Ashley, ambaye kitabu chake kikubwa cha mafundo kilichapishwa mwaka 1944 kikiwa na vifungu zaidi ya 3,800, aliyaorodhesha mafundo ya namna hii miongoni mwa mafundo ya wachukuzi. Madereva, hata hivyo, hawakujifunza kitabuni. Kijana aliyeajiriwa kuwa msaidizi wa dereva alijifunza kwa kutazama, kwa kukosea na kwa kukemewa.

Kazi haikuishia pale lori lilipoondoka. Dereva aliyeijua kazi yake alisimama baada ya maili chache kukaza tena kamba, kwa kuwa mzigo ulikuwa umeshuka. Alisimama tena mvua iliponyesha na ilipokoma. Kamba ya nyuzi za mimea huvimba na kufupika ikilowa, hata fundo likawa gumu kama jiwe, ikikauka hulegea. Kwa hiyo kufunga mzigo kulikuwa pia ni kuisoma hali ya hewa, na dereva alijifunza kutambua kwa mkono, kwa kuigonga kamba tu, kama ingali imekaza.

KAMBA NA MASHAMBA YA MKONGE

Kamba hizo zilitoka wapi? Zilizo bora zaidi zilitengenezwa kwa katani ya Manila, inayotoka Ufilipino, na nyingine kwa nyuzi za mkonge. Mkonge wa kulimwa haukuwa mmea wa Afrika ya Mashariki. Jina lake la kimataifa, *sisal*, ni jina la bandari ndogo ya Yucatán nchini Mexico, ambako nyuzi hizo zilikuwa zikipakiwa melini. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf, aliyekuwa akiitumikia kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida kupitia Hamburg. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Miche hiyo ilipandwa Kikogwe karibu na Pangani, na kutokana nayo yakatokea mashamba makubwa ya Tanganyika.

Inafaa kuangaliwa jinsi lugha ilivyoupokea mmea huo. Neno *mkonge* lilikuwapo pwani kabla ya mgeni huyo kufika. Lilikuwa jina la mmea wa porini wenye majani magumu ya nyuzi, ambao wenyeji waliutumia kusokotea kamba na nyugwe. Mmea mpya ulipokuja wenye majani na matumizi yanayofanana na ya ule wa zamani, ulipewa jina hilohilo, na kwa kuwa mgeni alienea mpaka akafunika mikoa mizima, leo msikiaji wa neno *mkonge* humfikiria yeye tu. Nyuzi zake nazo ziliitwa *katani*, neno lenye asili ya Kiarabu ambalo kwanza lilihusu kitani. Hivyo kitu kimoja cha biashara kikapata majina mawili, moja la kichaka na moja la bahari, na yote mawili yalikuwa ya zamani kuliko kitu chenyewe.

Mwaka 1942 Japani iliziteka Ufilipino na Java, na nchi zilizoshirikiana na Uingereza vitani zikakosa katani ya Manila na mkonge wa Java kwa pamoja. Tangu hapo mkonge wa Tanganyika na Kenya ukawa bidhaa ya vita, na serikali ya Uingereza ikawa mnunuzi wake. Si kila uzi uliokwenda katika kamba za malori. Sehemu kubwa ya mkonge wa dunia ilitumika kusokota nyugwe za kufungia majani makavu na nafaka mashambani. Hata hivyo kamba ya mkonge ilikuwa ya kawaida katika bodi za malori ya Uingereza kabla ya vita na baada yake, nayo iliwaunganisha watu wawili wasiojuana, mkataji wa majani ya mkonge aliyelipwa kwa kazi ya siku, na dereva aliyevuta kamba katika ua wa kiwanda kaskazini mwa Uingereza. Tanganyika ilipopata uhuru mwezi wa Desemba 1961 ilikuwa ya kwanza duniani kwa uzalishaji wa mkonge, na mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1960 ilitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka.

SHERIA NA UKIMYA WAKE

Serikali ya Uingereza iliuangalia uchukuzi wa malori kwa makini makubwa. Sheria ya Barabara ya mwaka 1930 iliweka mpaka wa saa za kuendesha. Sheria ya mwaka 1933 iliwagawa wachukuzi katika leseni za madaraja ya A, B na C. Sheria ya Uchukuzi ya mwaka 1947 ilitaifisha uchukuzi wa masafa marefu, na kuanzia mwaka 1948 shirika la British Road Services lilijengwa kutokana na kampuni nyingi zilizochukuliwa, hata likawa na magari yapatayo 40,000 mwanzoni mwa miaka ya 1950. Sheria ya mwaka 1953 ilianza kuyarudisha magari hayo mikononi mwa watu binafsi, na ile ya mwaka 1968 ikabadilisha utaratibu wote wa leseni.

Katika maandishi hayo yote dereva yumo, saa zake zimo, uzito wa gari lake umo na mwendo wake umo. Fundo lake halimo. Hata kanuni za ujenzi na matumizi ya magari za mwaka 1986 zilizosema wazi kwamba mzigo lazima ufungwe au uwekwe kwa namna isiyoleta hatari, zilitaja matokeo yanayotakiwa bila kueleza mkono ufanye nini. Ukimya huu unaeleweka, maana sheria haiwezi kufundisha kazi. Lakini una maana kwa mwanahistoria. Atakayetegemea maktaba za serikali peke yake ataijua gharama ya leseni, asijue jinsi mzigo ulivyofika.

Ukimya huo ulikuwa na uzito kwa wafanyakazi pia. Kufunga na kufungua mzigo mkubwa kuliweza kuchukua saa nzima au zaidi, mara nyingi kabla ya alfajiri au baada ya mwendo mrefu. Mzigo ukimwagika, lawama ilimwangukia dereva. Watu walianguka kutoka juu ya shehena zenye utelezi, wakivuta kamba iliyokatika au turubai lililonaswa na upepo, na kuanguka huko kuliwalemaza wengine na kuwaua wengine. Kwa hiyo mtu akisifu ustadi wa zamani hana budi kukumbuka kwamba ulilipiwa kwa migongo na viungo vya waliokuwa nao.

JINSI MZIGO ULIVYOBADILISHWA UMBO

Mabadiliko yalikuja kutoka pande nne kwa muda wa takriban miaka 30. La kwanza lilikuwa la uzi. Mwaka 1954 mwanakemia wa Italia Giulio Natta alifaulu kutengeneza polipropilini katika umbo linalofaa kwa viwanda, na utengenezaji wake wa kibiashara ulianza mwaka 1957. Mwaka 1963 alipewa Tuzo ya Nobeli pamoja na Karl Ziegler. Kamba ya uzi huo haikuoza na haikufupika ikilowa, nayo ilikuwa nyepesi na rahisi kwa bei. Ilikuwa na utelezi, na jua liliidhoofisha, lakini madereva waliizoea upesi, na kamba za buluu zikachukua mahali pa zile za rangi ya majani makavu. Turubai la pamba nalo lilipisha turubai la nailoni lililopakwa plastiki, ambalo halikuganda wala kunywa maji.

Badiliko hilo lilifika Tanga kabla halijamfikia kila dereva. Bei ya mkonge ilianza kuporomoka mwaka 1964. Tanzania ilipotaifisha sehemu kubwa ya mashamba baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ilitaifisha biashara ambayo mshindani wake alikuwa tayari ameingia sokoni. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji wa nchi ulikuwa umeshuka kufikia takriban tani 20,000. Zipo sababu nyingi za anguko hilo, na nyingine ni za utawala wa mashamba yenyewe. Hata hivyo uzi wa viwandani ulikuwa sababu ya kwanza na ya nje. Huko Ulaya pia wasokotaji wa kamba waliumia. Kiwanda cha kamba cha Belfast, kilichosifika wakati mmoja kuwa kikubwa kuliko vyote duniani, kilifungwa mwaka 1983.

Badiliko la pili lilikuwa la paleti na folklifti. Bidhaa zilizokuwa zikibebwa gunia kwa gunia na sanduku kwa sanduku ziliwekwa juu ya majukwaa madogo ya mbao yenye vipimo vya namna moja. Ujuzi wa kufungamanisha magunia ulipungua thamani siku ile mashine ilipoweza kuinua tani nzima na kuiweka ilivyo.

La tatu lilikuwa kontena. Tarehe 26 Aprili 1956 meli Ideal-X ya mfanyabiashara wa Marekani Malcom McLean ilitoka Newark kwenda Houston ikiwa na makontena 58, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 vipimo vya kimataifa viliwekwa. Mzigo ulioingia ndani ya kasha la chuma kiwandani haukuhitaji turubai barabarani. Dereva wa kontena aliufunga mzigo wake kwa kugeuza vyuma vinne vya pembeni, na mara nyingi hakujua kilichomo ndani.

La nne, lililolimaliza lori wazi katika kazi za kila siku, lilikuwa bodi ya mapazia. Kampuni ya Boalloy ya Congleton, katika jimbo la Cheshire, ilitoa mwaka 1969 bodi yenye paa la kudumu na kuta za kitambaa kigumu zinazosogezwa kando kama pazia na kukazwa kwa vifungo vya chuma. Kwa bodi hiyo folklifti iliweza kupakia kutoka upande wowote, na dereva mmoja aliweza kufunga lori zima kwa dakika chache bila kupanda juu ya mzigo. Katika miaka ya 1980 bodi za mapazia zilienea kote. Mizigo iliyobaki juu ya bodi wazi, kama vile vyuma na mashine, ilifungwa kwa minyororo na kwa mikanda inayokazwa kwa kifaa chenye meno. Kanuni za kazi za mahali pa juu zilizoanza kutumika Uingereza mwezi wa Aprili 2005 zilizidi kupunguza sababu za mtu kupanda juu ya shehena.

Ni dhahiri kwamba hakuna hata moja kati ya mabadiliko hayo lililolenga kuua fundo. Kila moja lilikuwa na sababu yake njema ya kuokoa muda, fedha au maisha. Yote kwa pamoja yaliuhamisha ujuzi kutoka katika mkono wa dereva kuupeleka katika kifaa, na mwenye kubuni kifaa akawa ndiye mwenye ujuzi. Dereva alipata nafuu ya mwili. Alichopoteza ni lile neno lake la mwisho juu ya mzigo, kwa kuwa zamani hakuna aliyeweza kumlazimisha kuondoka kabla hajaridhika na kamba zake.

MSAMIATI WA KAZI KATIKA KISWAHILI

Suala linalobaki ni la lugha. Kiswahili kina hazina kubwa ya maneno ya kamba. Mabaharia wa majahazi wanajua *amari*, ambayo ni kamba ya nanga. *Dasi*, ambayo hushonewa katika ukingo wa tanga. *Demani*, inayoshika pembe ya chini ya tanga. Na *jarari*, inayopita katika kapi kupandishia foromali. Maneno hayo yamenusurika kwa sehemu kubwa kwa sababu watungaji wa kamusi wa zamani, Krapf katika kamusi yake iliyotoka mwaka 1882, Johnson na kamati yake mwaka 1939, na Sacleux katika miaka hiyohiyo, waliishi karibu na bahari au na watu wake, wakawauliza na kuandika.

Lori halikupata bahati hiyo. Malori yamepita katika barabara za Mombasa, Nairobi na Kampala, na za Dar es Salaam, Morogoro na Mbeya, kwa zaidi ya vizazi vitatu. Yamezaa maneno yake, ambayo baadhi yanajulikana na kila mtu, kama *taniboi* linalosikika Kenya na *utingo* linalosikika Tanzania, yote mawili yakiwa majina ya msaidizi wa dereva. Lakini majina ya mafundo, ya namna za kupanga magunia, ya kamba inayopita juu ya nyingine, ya hali ya turubai lililoanza kupokea upepo, hayamo katika kamusi za wastani. Pengo hili ni la kusikitisha zaidi kwa kuwa lugha yenyewe ina nyenzo za kutosha. Mzizi mmoja wa *-fung-* unatoa *fungia*, *fungisha*, *fungana*, *fungamana*, *fungua*, *kifungo* na *mfungaji*. Vitenzi *kaza*, *legeza*, *tanda*, *kunja* na *egemeza* viko tayari. Na nomino *kulabu*, *kapi*, *kitanzi* na *pindo* zimekuwapo siku nyingi. Mtafsiri wa mwongozo wa usalama barabarani anaposema kwamba Kiswahili hakina istilahi za kazi hii, mara nyingi maana yake ni kwamba hakuna aliyekwenda kumwuliza mwenye kazi.

Tena kuna tofauti muhimu kati ya hali ya Uingereza na hali ya Afrika ya Mashariki. Kule mafundo hayo sasa huonyeshwa katika mikutano ya wapenzi wa malori ya kale. Huku makontena na bodi za mapazia zimejaa katika barabara kuu, lakini malori ya wazi yanayobeba magunia ya mahindi, makaa, kabichi, nyasi za ng'ombe na magodoro yangali yakifungwa kwa kamba na turubai kila siku. Wenye ujuzi wako hai, na wanafunzi wao wako kando yao. Mabadiliko ya umbo la mzigo yaliyoelezwa hapo juu yamekwisha kuanza huku pia, na mfano wa Uingereza unaonyesha kwamba yakishika kasi, kizazi kimoja chatosha kuumaliza ujuzi.

HITIMISHO

Makala haya yameonyesha kwamba ufungaji wa mzigo kwa kamba na turubai ulikuwa maarifa kamili, yenye kanuni za nguvu, za upepo, za maji na za uzito, ingawa waliokuwa nayo hawakuitwa wataalamu. Yameonyesha pia kwamba historia yake haiwezi kuelezwa kwa kuitazama nchi moja, kwa kuwa kamba iliyofungwa katika kulabu ya lori la Uingereza ilikuwa na mwisho mwingine katika shamba la mkonge, na kemia iliyombadilishia dereva kamba ndiyo iliyompunguzia mkata mkonge ajira yake.

Kazi inayozikabili idara za lugha katika vyuo vikuu ni ya wazi na haihitaji fedha nyingi. Wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu wanaweza kupelekwa Mariakani, Mlolongo, Busia, Chalinze na Tunduma, mahali malori yanapotua, wakasikilize na kuandika maneno ya madereva, mataniboi na mautingo, kila neno pamoja na tendo lake na mchoro wake. Mkusanyo wa namna hiyo ungezifaa kamusi, ungewafaa waandishi wa miongozo ya usalama, na ungewapa watu hao nafasi katika historia ya lugha wanayoizungumza. Ufanywe wakati ambapo anayejibu angali anaweza kuishika kamba na kuonyesha anachokisema.